Unataka kufanya kazi ya nanoteknolojia? Namna ya kuchagua fani ukiwa Arusha au Moshi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa Arusha na Moshi wanaopenda sayansi huulizana swali lile lile: nanoteknolojia inasomwa chuo gani? Wengi wamesikia habari za chujio la maji la Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Nambala karibu na Tengeru, na wanadhani ukimaliza shule unaomba nafasi pale moja kwa moja. Haiko hivyo. Nelson Mandela inapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu. Kabla ya kufika pale kuna shahada ya kwanza ya miaka mitatu au minne, na hiyo ndiyo inayoamua kama utapokelewa na utafanya nini ukishapokelewa.

Mwongozo huu ni wa kijana aliye kidato cha nne au cha sita, na mzazi anayemlipia ada. Msimamo wangu nautoa mapema: usihangaike kutafuta shahada ya kwanza yenye jina la nanoteknolojia. Chagua fani mama moja, isome mpaka uive, kisha nano iongeze juu yake.

Hatua ya 1: Elewa kwamba nano ni ukubwa, si somo

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi. Wataalamu wanaposema nano, kwa kawaida wanazungumzia vitu vya kati ya nanomita 1 na 100. Katika ukubwa huo vitu vinabadilika tabia: rangi, wepesi wa kuungana na vitu vingine, namna vinavyopitisha umeme.

Fanya hesabu hii kwenye daftari. Chukua mchemraba wenye sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Sasa ukate uwe vichemraba vya nanomita 1 kila upande, kisha ujumlishe nyuso zote. Utapata mita za mraba 6,000, karibu eneo la uwanja wa mpira. Kitu ni kile kile na uzito ni ule ule, ila nafasi ya kunasa uchafu, dawa au gesi imeongezeka mara milioni kumi. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya sababu za watu kuhangaika na chembe ndogo namna hii. Na kama hesabu hiyo imekusisimua, hiyo ni dalili nzuri.

Angalia pia Tuzo za Nobel. Mwaka 1986 Tuzo ya Fizikia ilikwenda kwa Ernst Ruska kwa kazi ya hadubini ya elektroni, pamoja na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, waliobuni hadubini inayoweza kuonesha atomu moja moja juu ya uso wa kitu. Mwaka 1996 ilikuwa kemia, kwa molekuli za kaboni zenye umbo la mpira. Mwaka 2010 ilikuwa fizikia tena, kwa grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Mwaka 2023 kemia, kwa nukta za kwanta, chembe ambazo rangi yake inategemea ukubwa wake. Tuzo ya Nobel ya nanoteknolojia haipo. Waliopewa walikuwa wanafizikia na wanakemia waliozama katika fani zao.

Hatua ya 2: Fungua kipimo cha malaria, ujichague ndani yake

Hapa usiharakishe. Mwombe mhudumu wa zahanati akuoneshe kipimo cha haraka cha malaria ambacho hakijatumika, hasa kile ambacho muda wake umekwisha. Kilichotumika usikiguse, kina damu ya mtu.

Ukibandua kasha la plastiki utakuta ukanda mwembamba mweupe. Karibu na tundu la kudondoshea damu kuna kipande kidogo chenye rangi ya waridi iliyokolea au zambarau. Rangi ile ni dhahabu. Ni dhahabu kweli, ila chembe zake ni ndogo mno, za makumi machache ya nanomita, na katika ukubwa huo dhahabu haing'ai manjano bali huonekana nyekundu. Kila chembe imevalishwa kingamwili zinazotambua protini ya kimelea cha malaria. Damu ikipita, protini ikiwepo, inashikwa na chembe za dhahabu, zinasafiri pamoja kwenye ukanda, kisha zinanaswa kwenye mstari wa herufi T. Zikirundikana pale, mstari mwekundu unatokea. Ule mstari ambao mama anausubiri zahanati akiwa na mtoto mwenye homa, ni nanoteknolojia.

Sasa hesabu waliofanya kazi ili kile kipimo kifike Usa River au Himo. Mkemia alichemsha kloridi ya dhahabu na sitrati ya sodiamu, akaona maji ya njano hafifu yanageuka mekundu kama mvinyo, akajua ukubwa wa chembe umefika panapotakiwa. Mwanafizikia alieleza rangi hiyo inatoka wapi, yaani namna elektroni za dhahabu zinavyotikisika kwa pamoja zikipigwa na mwanga. Mtaalamu wa bayoteknolojia alitengeneza kingamwili. Mtaalamu wa nyenzo alipata utando ambao maji yanapanda kwa kasi inayofaa, bila kukimbia wala kukwama. Mhandisi wa mchakato alihakikisha kipimo cha kwanza na cha milioni vinafanana. Mtu wa maabara ya afya alikijaribu kwa wagonjwa akasema kinaaminika au hakiaminiki.

Jiulize bila haraka: katika hao, ungependa kuwa nani siku nzima, mwaka mzima? Jibu lako ndilo jina la shahada yako ya kwanza. Usijibu kwa kuangalia nani anasifiwa. Jibu kwa kuangalia kazi ipi ungeifanya hata kama jaribio limegoma mara nyingi mfululizo, maana huku majaribio hugoma sana.

Hatua ya 3: Chagua tatizo la hapa kwetu la kukuongoza

Mwanafunzi mwenye tatizo kichwani huchagua masomo vizuri kuliko mwenye ndoto ya jumla. Nasi wa ukanda huu matatizo hatujakosa.

La kwanza ni floraidi. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro inatoa madini hayo kwenye maji ya chemchemi na visima, na ndiyo maana watu wengi waliokulia Ngarenanyuki, Maji ya Chai na maeneo jirani wana meno ya kahawia. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, mifupa nayo inaathirika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama chujio: madini ya mfupa yanaachia hidroksidi na kushika floraidi mahali pake. Turudi kwenye ule mchemraba. Nyenzo hiyo hiyo ikitengenezwa kwa chembe za nano, uso wa kunasia unaongezeka. Swali gumu linalobaki ni namna ya kuzizuia chembe hizo zisitoke na maji, na namna ya kulisafisha chujio likijaa. Hayo ni maswali ya kemia na uhandisi kemikali. Hilonga, ambaye ni mhandisi kemikali aliyechukua uzamivu Korea Kusini, aliunganisha chujio la mchanga la kawaida na nyenzo za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, pauni 25,000.

La pili ni pumba za mpunga. Nenda Mabogini na maeneo ya skimu ya Lower Moshi wakati wa kukoboa, uone milima ya pumba inavyochomwa ovyo. Majivu yake kwa sehemu kubwa ni silika, mara nyingi asilimia 85 au zaidi, na silika hiyo inaweza kugeuzwa kuwa unga wa nano wa kuchujia maji au kuimarisha saruji na mpira. Malighafi ipo barabarani. Wanaoweza kuigeuza ni wachache.

Yapo na mengine. Kisongo kuna kiwanda cha A to Z kinachotengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe za plastiki na kutoka taratibu kwa miaka. Anayependa polima aanze kuwaza hapo. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, na duniani losheni nyingi za jua sasa zinatumia chembe ndogo za oksidi ya zinki na titani. Anayependa famasia asipite mbali.

Na kuna upande ambao vijana wengi wanausahau: usalama. Wachimbaji wa Mirerani wanajua vumbi la silika linavyokula mapafu. Chembe za nano ni ndogo zaidi ya vumbi lile, na dunia inahitaji wataalamu wa sumu za kemikali, afya ya kazini na mazingira watakaosema ipi ni salama na ipi si salama. Kama moyo wako uko kwenye afya ya watu kuliko kutengeneza vitu, njia hii ni ya heshima na waombaji wake bado si wengi.

Hatua ya 4: Tahasusi isikufungie mlango

Kwa aliye kidato cha nne: pambania fizikia, kemia, baiolojia na hisabati, zote nne. Halafu kombi.

PCM (fizikia, kemia, hisabati) inakufungulia kemia, fizikia, uhandisi kemikali na uhandisi karibu wote. PCB (fizikia, kemia, baiolojia) inakufungulia famasia, bayoteknolojia, maabara ya afya na kemia. Hizi mbili ndizo ninazozishauri kwa moyo wote. CBG (kemia, baiolojia, jiografia) inaweza kukufikisha kwenye kemia au baiolojia, lakini uhandisi unakuwa mbali. PGM (fizikia, jiografia, hisabati) inakuacha bila kemia, na kwa kazi hii kukosa kemia ni hasara kubwa. Ichukue ikiwa tu una hakika unaelekea fizikia au hisabati tupu.

Wa PCB, ile hesabu ya BAM (hisabati tumizi ya msingi) msiisome kwa ajili ya kufaulu tu. Utakapopima ukubwa wa chembe utapata namba elfu na kitu, na asiyejua wastani, mtawanyiko na grafu hataweza kusema alichotengeneza ni nini.

Hatua ya 5: Tembelea maabara kabla ya kujaza maombi

Mwezi Agosti kwenye Nane Nane pale viwanja vya Themi, Njiro, taasisi za utafiti na vyuo huweka mabanda. Usipite ukikusanya vipeperushi tu. Muulize mtu wa banda: wewe ulisoma nini shahada ya kwanza? Uliza watano, uandike majibu. Utaona kemia, uhandisi, baiolojia na fizikia zikijirudia.

Kisha omba kutembelea maabara yenyewe, kwa barua kupitia mkuu wa shule, mkiwa kikundi. Nambala inafikika kwa urahisi, unashuka Tengeru ukitoka mjini au ukitoka Moshi. Mkiwa ndani, msijazane kwa profesa peke yake. Mtafuteni fundi sanifu wa maabara, kwa sababu ndiye anayejua mambo yanavyokwenda. Muulizeni: sampuli moja inachukua siku ngapi kutoka kutengenezwa hadi kupimwa? Mashine ipi ina foleni? Sampuli za kuangaliwa kwa hadubini ya elektroni mnazipeleka wapi? Majibu yatakuonesha maisha halisi ya kazi hii: kuosha vyombo, kupima uzito kwa makini, kungoja tanuri lipoe, kuandika kila kitu kwenye daftari. Ukitoka pale umechoshwa na wazo zima, umeokoa miaka yako. Ukitoka na maswali zaidi ya uliyoingia nayo, endelea.

Hatua ya 6: Chagua shahada ya kwanza

Kwa wengi, chaguo langu la kwanza ni kemia au uhandisi kemikali na mchakato. Chembe karibu zote za nano hutengenezwa kwa kemia: unachanganya, unachemsha, unadhibiti asidi, unakausha. Anayejua kwa nini chembe zinagandana hata kabla hazijakauka yuko mbele ya anayejua kuendesha mashine tu. Uhandisi kemikali unaongeza jambo ambalo mwanasayansi mtupu hulikosa, yaani kukitoa kitu kwenye bika ya maabara kukipeleka kiwandani, pamoja na hesabu ya gharama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina fani zote mbili. Uhandisi ni miaka minne, na ajira yake ni pana kuanzia viwanda vya bia na sukari hadi mamlaka za maji, kwa hiyo mzazi mwenye hofu ya ajira naye anapata jibu.

Fizikia ichague kama unapenda vifaa vyenyewe: paneli za sola, vihisio, mwanga, na kama hesabu hazikutishi. Famasia, kama pale Muhimbili, ni ya anayevutiwa na kupeleka dawa mahali sahihi mwilini. Kumbuka chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibebwa na vijitone vya mafuta vyenye ukubwa wa nanomita 100 hivi. Bayoteknolojia ipo Dar es Salaam na Sokoine. Kwa anayetaka kubaki Moshi, sayansi za maabara ya afya pale KCMC ni mlango mzuri wa vipimo kama kile cha malaria.

Wengi hupangiwa sayansi na ualimu. Usilie. Ukichukua kemia na fizikia humo ndani na kufanya vizuri, njia ya uzamili haijafungwa, na una taaluma ya kukulisha unaposubiri ufadhili. Ila hakikisha idadi ya kozi za kemia zinatosha kwa uzamili unaoulenga, uliza idara mapema mwaka wa kwanza.

Kuhusu sifa, utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu nchini, unataka angalau ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A kuwa 5 na E kuwa 1. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Famasia na uhandisi ushindani wake ni mkali zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako mwenyewe, usiutegemee wa kaka yako.

Hatua ya 7: Ukiwa chuoni

Linda GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Lenga 3.5 kwenda juu, yaani daraja la pili la juu, kwa sababu ufadhili mwingi wa uzamili unaanzia kuangalia hapo. Mradi wa mwaka wa mwisho uwe wa maabara hata kama wenzako wanachagua wa kuandika tu. Majivu ya pumba, maji ya kijijini kwenu, maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini kutengenezea chembe za fedha: yote yanawezekana kwa vifaa vya kawaida. Jifunze kuchakata data kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Na ukipata nafasi ya kukaa karibu na mashine ya XRD, FTIR au spektrofotomita (zote huchunguza kitu kwa mionzi au mwanga), usiondoke mpaka ujue kusoma matokeo yake mwenyewe.

Hatua ya 8: Nano yenyewe, kwenye uzamili

Hapa sasa jina lina maana. Nelson Mandela ina shule inayoshughulikia nyenzo, nishati, maji na mazingira, na kwa mtu wa Arusha au Moshi hilo ni bahati, unaweza kuishi nyumbani ukafanya utafiti juu ya maji unayoyanywa. Afrika Kusini nayo imejiandaa vizuri: Chuo Kikuu cha Western Cape kinashiriki na vyuo vingine katika programu ya pamoja ya uzamili wa nanosayansi, na UNESCO ina kigoda chake cha nanosayansi pamoja na UNISA (Chuo Kikuu cha Afrika Kusini) na maabara za utafiti za iThemba.

Unapoomba, usiandike kwamba unapenda nanoteknolojia. Soma kazi mbili za msimamizi unayemtaka, umwandikie umeona nini ndani yake na unataka kuongeza nini. Barua ya namna hiyo hujibiwa.

Pesa, ajira, na asiyefikisha alama

Shahada ya kwanza omba Bodi ya Mikopo, na kama ufaulu wako wa sayansi ni wa juu sana kuna Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Uzamili usijilipie haraka, ngoja ufadhili wa mradi au wa msimamizi.

Ajira: tangazo linalosema "anatakiwa mtaalamu wa nano" hutaliona mara nyingi. Utaajiriwa kama mkemia, mhandisi wa mchakato, mtafiti msaidizi, mhadhiri, mkaguzi wa ubora TBS (Shirika la Viwango) au TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), mtu wa maabara kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au mamlaka ya maji. Nano ndiyo itakayokutofautisha ndani ya kazi hizo. Mzazi aelezwe hivyo tangu mwanzo, ili asije akadhani amedanganywa.

Na kama alama za kidato cha nne au cha sita hazikutosha, Chuo cha Ufundi Arusha kina mafunzo ya sayansi na teknolojia ya maabara. Ukimaliza diploma kwa GPA ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada inayoendana nayo. Anayepitia huko mara nyingi ana mkono uliotulia kuliko aliyetoka kidato cha sita, anajua kupima, kuandaa mchanganyiko na kutunza vifaa. Akifika chuo kikuu, aende ofisi ya idara muhula wa kwanza kabisa, aseme anaweza kusaidia kazi za maabara ya utafiti, na apeleke daftari lake la vitendo kama ushahidi.